Mimba Changa, Uchovu Mkubwa: Jinsi Mwili wa Mjamzito Unavyojipanga

Mimba ya wiki saba, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ina kiumbe chenye urefu wa takriban sentimita moja. Tumbo halijatoka, nguo zinaingia kama kawaida na walio karibu hawajashtuka. Ila mwenye mimba anahema akipanda ngazi, anaamka usiku kwenda haja ndogo, harufu ambazo zamani hakuzijali sasa zinamchafua roho, na ikifika alasiri usingizi unamlemea kama mtu aliyekesha. Hapo swali huja lenyewe: kitu kidogo namna hiyo kinamchoshaje mtu mzima?

Kinachomchosha ni maandalizi. Mwili hausubiri mzigo ufike ndipo uanze kujipanga. Homoni hutoa amri mapema, na moyo, mapafu na figo huanza kufanya kazi ya mtu anayelisha wawili wakati huyo wa pili bado hana uzito wa kutajika. Miezi ya mwisho uzito wenyewe unawasili, nao unakuja na usumbufu wa aina nyingine. Kwa maoni yangu, mawimbi haya mawili, la homoni na la uzito, yanaeleza ujauzito vizuri kuliko zile orodha za mwezi wa kwanza hadi wa tisa. Ukijua kero imeletwa na wimbi lipi, unajua pia kitu gani kitaipunguza. Na dalili isiyoelezeka na wimbi lolote kati ya hayo ndiyo ya kuiwahisha kwa daktari.

Homoni inayolegeza kila kitu

Homoni ya kufahamiana nayo kwanza ni projesteroni. Mojawapo ya kazi zake kubwa ni kuutuliza mfuko wa uzazi usijikaze na kuitoa mimba kabla ya wakati. Mfuko huo umejengwa kwa misuli laini, ile isiyotii amri ya mtu. Sasa, misuli ya aina hiyohiyo imo pia kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye umio, kwenye utumbo na kwenye mirija ya mkojo, na projesteroni haina namna ya kuchagua. Inalegeza yote. Ndiyo maana malalamiko yasiyofanana hata kidogo, kama kiungulia, choo kigumu na kizunguzungu, huwa na chanzo kimoja.

Tuanze na kiungulia. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaojifunga ili asidi isipande juu. Ukilegea, asidi inapanda na kuchoma kifua. Baadaye mfuko wa uzazi ukikua unalisukuma tumbo la chakula kutoka chini na hali inazidi. Kula kidogo kidogo mara nyingi husaidia, na pia kukaa saa mbili au tatu baada ya kula kabla ya kulala. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwani. Mito peke yake humkunja mtu tumboni na kuongeza msukumo. Dawa nyingi za kupoza asidi zenye kalisi au magnesiamu hukubalika wakati wa ujauzito, lakini zisimezwe pamoja na vidonge vya madini ya chuma, maana zinazuia chuma kisifyonzwe. Pawe na saa mbili katikati.

Choo kigumu kina mantiki ileile. Utumbo uliolegea husukuma polepole, chakula kinakaa muda mrefu zaidi, maji yanazidi kunyonywa na kinachobaki ni kikavu. Vidonge vya kuongeza damu huchangia, na hapa ndipo wengi huviacha kimyakimya kisha wakifika kliniki wanasema wanavimeza. Afadhali kusema ukweli, kwa sababu mhudumu anaweza kubadilisha aina ya kidonge, kiasi chake au mpangilio wa kukitumia. Kinyesi kuwa cheusi kwa sababu ya vidonge hivyo hakuna ubaya. Maji ya kutosha, vyakula vyenye nyuzinyuzi na kutembea kila siku hufanya kazi, ingawa kwa siku kadhaa, si kwa usiku mmoja. Kujikamua chooni kwenye vena ambazo tayari zimelegea na kujaa ndiko kunakoleta bawasiri. Kuweka miguu juu ya kigoda kifupi ukiwa chooni hupunguza haja ya kujikamua, na kukalia maji ya uvuguvugu hutuliza maumivu yakishaingia.

Mishipa ya damu nayo hutanuka, hivyo presha hushuka kidogo na kubaki chini hadi katikati ya ujauzito, kisha hupanda kurudi ilipokuwa. Ukisimama ghafla damu inachelewa kufika kichwani, macho yanaingia giza. Inuka kwa hatua: kaa kwanza, subiri, ndipo usimame. Kushuka huko kwa presha kuna matokeo ambayo ni nadra kuelezwa. Mwanamke aliyekuwa na presha ya juu kabla ya mimba, akipimwa mara ya kwanza kwenye wiki ya 20, anaweza kuonekana mzima kabisa, kwa kuwa amepimwa wakati presha ya kila mjamzito iko chini. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2016 linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kumalizika. Kipimo cha mapema ndicho kinachovipa vipimo vyote vinavyofuata maana.

Kuhusu mkojo, kuna mambo mawili yanayokutana. Figo huchuja damu kwa kasi inayoongezeka kwa takriban nusu, kwa hiyo mkojo ni mwingi hata tumbo likiwa bado bapa. Wakati huohuo mirija inayotoa mkojo kwenye figo imelegea na mkojo unapita taratibu, jambo linalowapa bakteria nafasi ya kupanda juu. Kwenda haja ndogo mara kwa mara ni kawaida. Mkojo unaochoma, homa, au maumivu ya ubavuni yanahitaji kipimo na dawa siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi yakifika kwenye figo yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Kujinyima maji ili usiende chooni ni kosa. Punguza tu saa za karibu na kulala, na mchana unywe vizuri.

Pumzi fupi, damu nyepesi

Wengi hudhani mjamzito anahema kwa sababu tumbo linabana mapafu. Mwishoni ni kweli kwa sehemu, lakini haielezi kuhema kwa wiki ya nane. Projesteroni huchochea kituo cha kupumua kwenye ubongo, na kila pumzi inakuwa ya kina zaidi. Hesabu ya pumzi kwa dakika haibadiliki sana, ila hewa inayoingia na kutoka huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50. Faida ni kwamba kabonidayoksaidi katika damu ya mama inapungua, hivyo ile ya mtoto inapata njia rahisi ya kuvuka kwenye kondo la nyuma na kutolewa nje. Mama anahisi hewa haimtoshi wakati oksijeni yake iko sawa. Kukaa wima na kupunguza mwendo hutosha kwa kawaida. Kuhema kulikoanza ghafla, kifua kuuma, kukohoa damu, au kushindwa kabisa kulala chali kwa kukosa pumzi si sehemu ya hadithi hii, na mtu asingoje kliniki ijayo.

Damu yenyewe huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha awali. Moyo unasukuma zaidi na mapigo yanaongezeka. Lakini plazima, yaani majimaji ya damu, huongezeka haraka kuliko seli nyekundu, kwa hiyo damu inakuwa nyepesi na kipimo cha wingi wa damu kinashuka hata kwa mwenye afya njema. WHO huhesabu upungufu wa damu kwa mjamzito kuwa ni chini ya gramu 11 za himoglobini (kibeba oksijeni ndani ya seli nyekundu) kwa desilita ya damu katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi ya kati, kwa kutambua wepesi huo wa kawaida.

Shida ni kwamba upungufu halisi hujificha nyuma ya dalili hizohizo. Uchovu? Mimba. Kuhema? Mimba. Moyo kwenda mbio? Mimba. Ndiyo sababu damu hupimwa badala ya kukisiwa kwa macho. Kuna ishara moja ambayo wanawake wengi huona haya kuitaja: hamu kali ya kula udongo, barafu, mkaa au wanga mbichi. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo na madini ya risasi mwilini. Mtu anayeitaja anampa mhudumu habari yenye manufaa, na hastahili kuchekwa. WHO inapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Foliki ingefaa ianze kabla mimba haijatungwa, kwa sababu mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 baada ya kutungwa, wakati ambapo wengi ndiyo kwanza wanashangaa hedhi imechelewa.

Damu nyingi na homoni ya estrojeni hueleza pia pua kuziba bila mafua na fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Endelea kupiga mswaki. Matibabu ya meno ni salama katika ujauzito.

Kichefuchefu si kudeka

Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya sita, hufikia kilele karibu na ya tisa, na kwa wengi hutulia kati ya wiki ya 16 na 20. Hakina saa maalumu, na wengine hujaa mate mdomoni mchana kutwa. Kwa muda mrefu kidole kilielekezwa kwenye homoni ya hCG, ileile inayosomwa na kipimo cha mkojo, kwa kuwa nayo hufika kilele wiki hizohizo. Mwishoni mwa 2023 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulileta maelezo yenye nguvu zaidi. Kondo la nyuma hutoa kwa wingi homoni iitwayo GDF15, ambayo huenda kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Wanawake waliokuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndio huumia zaidi inapopanda ghafla, na waliokuwa nacho kingi tangu mwanzo huonekana kuizoea.

Ugunduzi huo una uzito nje ya maabara pia. Katika karne iliyopita wapo madaktari walioandika kuwa mwanamke anayetapika kupita kiasi anaikataa mimba moyoni mwake. Bado kuna nyumba ambamo anayetapika huambiwa ajikaze, au hulinganishwa na dada yake aliyebeba mimba nne akiwa shambani. Tofauti kati yao inaweza kuwa ya damu na vinasaba, na kujikaza hakuigusi.

Kinachosaidia ni kutoliacha tumbo likawa tupu, kwa kuwa njaa hukizidisha. Kula kitu kikavu kabla ya kutoka kitandani, kisha kidogo kidogo kila baada ya saa mbili hivi. Kunywa kati ya milo badala ya wakati wa kula. Chakula cha baridi kina harufu ndogo kuliko cha moto. Tangawizi imo kwenye mapendekezo ya WHO, na vitamini B6 vilevile, ambayo daktari anaweza kuiunganisha na dawa ya doksilamini. Kama vidonge vya chuma ndivyo vinavyochefua, vimezwe usiku. Na katika wiki hizi mbaya, kula kinachokaa tumboni kuna thamani kuliko mlo kamili unaoishia kwenye ndoo. Mtoto wa wiki tisa hahitaji chakula kingi.

Anayeshindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, mkojo wake ukawa mchache na mweusi, au akapungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake wa kabla ya mimba, amevuka mpaka wa kichefuchefu cha kawaida. Huo ni ugonjwa wenye jina lake, hyperemesis gravidarum, unaotibiwa kwa maji ya mshipani, dawa za kuzuia kutapika na vitamini B1. Kuchelewa kunaweza kuumiza ubongo wa mama.

Wimbi la pili

Miezi ya kati huwa na nafuu. Mwili umezoea homoni na uzito bado haujawa tatizo. Wengi huanza kumsikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na 24.

Kisha mizani inaanza kusema. Mfuko wa uzazi peke yake hutoka gramu 70 hivi hadi karibu kilo moja. Ongeza mtoto, kondo, maji, damu na akiba ya mafuta, na mwanamke aliyeanza na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliyeanza mwembamba huhitaji zaidi, mnene huhitaji pungufu. Ule usemi wa kula kwa ajili ya watu wawili umewaponza wengi. Miezi mitatu ya kwanza hakuna haja ya kuongeza chakula, ya kati huhitaji takriban kalori 340 za ziada kwa siku, na ya mwisho 450 hivi.

Uzito huo wote umekaa mbele. Mama hujivuta nyuma ili asianguke, kiuno kinapinda ndani, na misuli ya mgongo inafanya kazi kutwa. Kano za nyonga nazo zimelegea kwa ajili ya kuzaa, na baadhi ya wanawake huhisi maumivu makali kwenye kinena au matakoni wakigeuka kitandani au wakisimama kwa mguu mmoja. Kwa hao, magoti yashikane wakati wa kugeuka, nguo zivaliwe mtu akiwa amekaa, na hatua ziwe fupi. Mto kati ya magoti usiku ni jambo dogo lenye nafuu kubwa. Mkanda wa kushikilia tumbo na mazoezi aliyoelekezwa na mtaalamu wa viungo pia husaidia. Kulala kitandani wiki nzima hakutibu mgongo, na kwa mjamzito asiye na tatizo WHO inashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Dawa za maumivu zinataka uangalifu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu hununua dukani bila kufikiri mara mbili, zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, hasa kuanzia wiki ya 20. Parasetamoli ndiyo hutumika zaidi, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa muda mfupi.

Kulala chali kuna hoja yake. Uti wa mgongo na mfuko wa uzazi mzito hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Baadhi ya wanawake huhisi kuzimia wakilala hivyo. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kuanza usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Ukishtuka usiku ukajikuta chali, geuka ulale. Hakuna haja ya hofu. Misuli ya mguu ikikakamaa usiku, vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko hadi iachie.

Miguu kuvimba jioni kisha kupungua asubuhi ni matokeo ya maji mengi mwilini na vena zilizobanwa. Inyanyue miguu unapokaa, usisimame muda mrefu. Mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma ni suala jingine kabisa, maana damu ya mjamzito huganda kwa urahisi zaidi na huenda kuna bonge kwenye mshipa. Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kisichoachia, kuona vimulimuli, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya wiki ya 20 yanaweza kuwa dalili za hali inayotangulia kifafa cha mimba. Presha ya 140/90 au zaidi huthibitisha wasiwasi huo. Hapo saa ni muhimu.

Ngozi huwa na mengi ya kuonyesha na machache ya kuogopesha: mstari mweusi tumboni, madoa usoni, michirizi. Hakuna krimu iliyothibitika kuzuia michirizi, hata bei ikiwa kubwa vipi. Krimu za kung'arisha ngozi ziepukwe, kwani baadhi zina zebaki. Muwasho mkali wa viganja na nyayo usio na vipele, unaozidi usiku, hutokana wakati mwingine na ini kushindwa kupitisha nyongo, na hupimwa kwa damu.

Miezi ya mwisho tumbo hukaza na kuachia. Mkazo usio na mpangilio, unaotulia ukibadilisha mkao au ukinywa maji, ni mazoezi tu ya mfuko wa uzazi. Unaokuja kwa vipindi vinavyokaribiana na kuongezeka nguvu ni uchungu, na ukitokea kabla ya wiki ya 37, au ukiambatana na damu au maji kutoka ukeni, nenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo mtoto akipunguza kucheza. Maneno kwamba mtoto hutulia mwishoni kwa kukosa nafasi si ya kweli. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, ila hapungui.

Watu husema mimba si ugonjwa, na kauli hiyo ina ukweli, lakini imetumika sana kuwanyamazisha wanawake. Kero inaweza kuwa ya kawaida na bado ikastahili dawa. Anayeambiwa "ni mambo ya mimba tu" ana haki ya kuuliza yanatokana na nini hasa, na lini yanapaswa kuisha.

Baada ya kujifungua, projesteroni hushuka ndani ya siku chache na kiungulia huondoka karibu mara moja. Mgongo huchukua wiki au miezi. Nywele, ambazo wakati wa mimba hazikudondoka kwa kasi ya kawaida, huanguka kwa pamoja kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne na huota tena bila matibabu. Presha ndiyo ya kuendelea kuiangalia: kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kuzaa, kwa hiyo kichwa kikali au vimulimuli katika wiki sita za kwanza bado ni sababu ya kurudi hospitali, hata kama mimba yenyewe haikuwa na shida yoyote.